Simu Ambayo Haikupigwa

Kila Jumamosi, kabla ya saa kumi jioni, Chiriku alikuwa amekwisha kufua sare zake za shule, amefagia ua na kumwogesha mdogo wake. Kisha aliifuta simu kwa upindo wa gauni na kuiweka kwenye dirisha la sebuleni, upande wa kushoto, kwa sababu hapo ndipo mtandao ulipokuwa na nguvu. Saa kumi, mama yao angepiga.

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Alibandikwa jina hilo akiwa na miaka miwili, kwa sababu tangu alipoanza kusema hakuwahi kufunga mdomo. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili. Mdogo wake wa kike, mwenye miaka mitano, aliitwa Tone kwa udogo wake. Baba yao alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ya mageti na madirisha ilikuwa mtaa wa pili. Mama yao alikuwa askari. Miezi mitano iliyopita aliondoka na kikosi chake kwenda nchi ya mbali kulinda amani. Huko aliendesha lori la maji.

Kanisa lao lilikuwa na familia sita zenye mtu jeshini, na halikuwaacha peke yao. Mwanzoni lilisaidia kwa fujo kidogo. Wiki ya kwanza, kila mtu alileta mkate. Nyumba ya Chiriku ilipata mikate kumi na mmoja, wakaila asubuhi, mchana na jioni, mpaka Tone akauliza kama wao ni bata. Ndipo mama mmoja wa kanisa, ambaye kazi yake ilikuwa ukunga katika zahanati na ambaye watu wote walimwita Mama Mkunga, alipochukua daftari na kupita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Nyinyi hasa mnahitaji nini?" Baada ya hapo ikawepo zamu. Kinyozi aliziba paa la mjane mmoja mwenye mtoto jeshini. Mwalimu wa kwaya alimsaidia Chiriku hesabu. Na Chiriku naye alipewa zamu yake, kwa kuwa Mama Mkunga alisema hakuna aliye mdogo mno hata asiweze kumbebea mwenzake mzigo.

Zamu yake ilikuwa kumchotea maji mwalimu wa chekechea kila Jumatano. Mwalimu huyo alikuwa mjamzito wa miezi minane, mimba yake ya kwanza. Mume wake alikuwa fundi wa magari katika kikosi kile kile cha mama yake Chiriku. Lori la mama likigoma, yeye ndiye aliyeingia chini yake.

Basi ikaja Jumamosi moja, saa kumi ikapita, simu haikulia. Jumamosi iliyofuata vilevile. Chiriku alipiga yeye mwenyewe, mara kumi, mara ishirini, akajibiwa na ile sauti ya kike isiyochoka, kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa.

Nyumba ikakosa utulivu. Baba alikuwa akianza kula, anasimama kuitazama simu, anarudi, chakula kimepoa. Alipanga viatu mlangoni, akavipangua, akavipanga tena. Usingizi ulimpaa. Ijumaa ya wiki ya tatu alishika chuma cha moto akiwa amesahau kuvaa glavu, akaungua kiganja cha kushoto. Fundi mwenye uzoefu wa miaka kumi na minane kusahau glavu, hata wenzake karakana walishindwa kumtania.

Kesho yake, Jumamosi ya tatu, alichelewa zahanati alikokwenda kubadilishiwa bendeji. Chiriku alikaa dirishani, akasimama, akakaa. Saa kumi ikafika. Ikafika na robo. Tone alikuwa amelala kwenye mkeka, mdomo wazi. Saa kumi na nusu baba akaingia akihema kama mtu aliyekimbizwa.

"Amepiga?" akauliza.

Chiriku alimtazama. Macho ya baba yalikuwa mekundu, ndevu hazijanyolewa, mkono umefungwa kitambaa cheupe hadi kwenye kifundo. Mdomo wake ukajibu kabla yeye mwenyewe hajaamua.

"Amepiga, baba."

"Amesema nini?"

"Amesema hajambo. Laini ilikuwa mbaya. Amesema tusiwe na wasiwasi. Kisha ikakatika."

Baba aliketi kwenye stuli, akaufunika uso kwa mkono mzima. Mabega yakamtikisika kidogo. Halafu akacheka, kicheko chake cha zamani, na kuuliza kama kuna chakula. Alikula sahani mbili. Kabla jua halijazama alikuwa amelala kwenye kiti, mkono wenye bendeji kifuani. Chiriku alimtazama akajiambia, hii ni kama dawa tu. Mgonjwa hapewi maelezo ya dawa.

Ila Tone alipoamka na kusikia, alilia. "Mbona hukuniamsha? Mama amepiga na mimi nimelala?"

"Ulikuwa umechoka."

"Sikuchoka. Sitalala tena mchana."

Na kweli, tangu siku hiyo Tone hakulala mchana. Alikaa chini ya dirisha akijifinya mashavu ili asisinzie, na Chiriku alishindwa kumtazama.

Jumapili, kanisani, ulipofika wakati wa matangazo, baba alisimama. Hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu. Alisema, "Ndugu zangu, mmekuwa mkituombea. Mke wangu alipiga simu jana. Ni mzima." Akaketi. Watu wakapiga makofi, kwaya ikadakia wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba. Chiriku alihesabu misumari kwenye benchi la mbele yake. Ilikuwa saba.

Mabenchi matatu mbele, mwalimu wa chekechea hakupiga makofi. Aligeuka polepole, mkono juu ya tumbo, akamtafuta Chiriku kwa macho. Ibada ilipokwisha alimfuata mlangoni.

"Chiriku, mwanangu, mama alisema lolote kuhusu mume wangu?"

"Hakusema, Mwalimu. Laini ilikatika."

"Lakini mtandao umerudi."

"Ndiyo," alisema Chiriku.

"Wiki ya tatu hajapiga," alisema Mwalimu. "Nilidhani ni mtandao." Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali jambo aliloambiwa na daktari, akaondoka bila kuaga.

Wiki ile Chiriku hakuweza kutulia. Darasani aliandika tarehe mara mbili na hesabu hakuandika hata moja. Jirani yake wa dawati alimwambia aache kutikisa mguu, meza nzima inacheza. Jumatatu Tone alirudi kutoka chekechea akasema, "Leo Mwalimu hakuimba. Alisema tuchore. Tukachora mpaka karatasi zikaisha." Jumanne akasema, "Leo Mwalimu ameniita kwa jina la mtoto mwingine." Kila habari ilimchoma Chiriku kama kibanzi kidoleni. Mara mbili alimfuata baba karakana ili amwambie. Mara ya kwanza alimkuta akipiga mluzi. Mara ya pili alimkuta akipima geti na kuwachekesha vijana wake. Akarudi nyumbani na maneno yake mdomoni. Alijiambia, labda mama atapiga kweli Jumamosi hii, na uongo utageuka kuwa kweli wenyewe.

Jumatano baada ya masomo alibeba ndoo kwenda kwa Mwalimu. Mlango ulikuwa wazi. Mwalimu alikuwa ameinama juu ya kitanda akipanga nguo ndani ya begi. Aliweka blauzi, akaitoa, akaikunja upya, akairudisha. Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vilikuwa vimekanyagwa visigino.

"Unasafiri, Mwalimu?"

"Kesho alfajiri. Naenda makao makuu ya jeshi."

Chiriku alijua ni safari ya basi ya kutwa nzima. "Na mtoto?"

"Mtoto ana haki ya kujua baba yake alipo," alisema Mwalimu bila kumtazama. "Wenzangu wanapigiwa simu. Mimi sipigiwi. Kuna kitu wananificha, Chiriku. Mtu akifa huko hawasemi upesi. Wanasubiri karatasi." Alishika kichwa. "Na hiki kichwa kinanigonga tangu juzi, naona vinyota. Weka maji hapo, mwanangu. Ahsante."

Hapo ndipo Chiriku alipotakiwa kusema. Yeye aliyeweza kuzungumza na jiwe, alitafuta neno moja akalikosa. Aliweka ndoo chini, maji yakamwagika nusu, akatoka mbio.

Hakupunguza mwendo mpaka zahanati. Mama Mkunga alikuwa akiosha mikono kwenye sinki, mikono ya sare yake imekunjwa hadi viwikoni.

"Mama hakupiga," alisema Chiriku.

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Jumamosi. Nilidanganya. Baba alikuwa ameungua, halali, hali chakula. Sasa Mwalimu anafikiri mume wake amekufa. Anafunga begi. Miguu imevimba na anaona vinyota."

Mama Mkunga hakumkemea. Aliposikia vinyota alifunga bomba papo hapo na kuchukua mkoba wake wenye kipimo cha presha. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi karakana iko njiani."

Baba alikuwa amevaa miwani ya kuchomelea, cheche zinaruka. Alipowaona wote wawili alizima mashine. Kelele ilipokwisha, Chiriku alihisi mtaa mzima unamsikiliza.

"Baba, mama hakupiga Jumamosi. Niliona umechoka. Nikasema amepiga."

Baba alivua miwani. Akaanza kuvifuta vioo ambavyo havikuwa na vumbi. Vijana wake wawili wakajitia kutafuta kitu nyuma ya mageti.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, "hatujui kitu. Wiki tatu na siku nne, hatujui kitu."

"Hatujui, baba."

Chiriku angependa apigwe kofi kuliko kuuona uso ule. Lakini baba alining'iniza miwani kwenye msumari, akasema kwa sauti ndogo, "Haya. Twende kwa mwenzetu kwanza."

Walimkuta Mwalimu ameketi juu ya begi, kwa kuwa zipu ilikataa kufunga. Chiriku alipiga magoti mbele yake akasema yote, safari hii bila kuruka kitu, hata lile la kumdanganya Tone. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu nimemzika mume wangu ndani ya chumba hiki, Chiriku. Nimechagua hata shati."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Sijui. Niache kwanza."

Mama Mkunga alikuwa tayari ameufunga mkono wake kwa kile kipimo. Aliposoma namba alikunja uso. "Presha iko juu. Hakuna basi kesho wala keshokutwa. Unakuja zahanati sasa hivi, nitakupa dawa na kitanda." Akamgeukia baba. "Niitie Mchungaji. Nina swali la kumwuliza."

Mchungaji alikuja na baiskeli, mguu mmoja wa suruali umekunjwa hadi gotini usinaswe na mnyororo. Aliwakuta zahanati, Mwalimu kitandani amelalia ubavu wa kushoto, wengine wamesimama. Mama Mkunga hakumzungusha.

"Mchungaji, tumepeleka mikate. Tumechota maji, tumeziba paa, tumeomba kila Jumapili. Kati yetu sote, nani amewauliza jeshi hawa watu wako wapi?"

"Siku ya kuwaaga, kasisi wa jeshi aliniachia namba yake," alisema Mchungaji. "Ilikuwa kwa ajili ya mambo kama haya. Nimeikalia. Niliona haya kumsumbua." Akatoa simu. Wakamsikia akijitambulisha, akitaja kikosi, akitaja majina mawili. Kasisi akasema ataulizia na kupiga.

Walingoja. Kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko Jumamosi zote. Baba aligundua kwamba bawaba ya dirisha imelegea, akaanza kuikaza kwa kisu cha mfukoni, kwa mkono mmoja, ingawa hakuna aliyemwomba. Chiriku alipiga deki sakafu iliyokwisha kupigwa deki. Mchungaji alitoka nje, akaingia, akatoka. Mwalimu pekee ndiye aliyelala kimya, macho wazi, vidole vikichezea ncha ya shuka.

Simu ilipolia, Mchungaji aliiweka sikioni na kurudia kila alichoambiwa, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi.

"Mnara wa simu ulianguka kwa mafuriko. Siku ishirini na tano zilizopita. Haujatengenezwa. Hakuna askari yeyote wa kikosi hicho aliyeweza kupiga nyumbani. Asubuhi ya leo kikosi kimehesabiwa, na taarifa imekuja kwa redio ya jeshi. Wote wapo. Hakuna majeruhi."

"Mwulize majina," alisema Mwalimu.

Mchungaji akauliza. "Dereva yupo. Fundi wa magari yupo."

"Mwulize tena."

Akauliza tena. Kasisi, kwa subira, akayataja tena. Mwalimu aligeukia ukutani na kulia kwa sauti, na Mama Mkunga akamwacha alie, akimpapasa mgongo. Baba alikunja kisu chake. Kisha alimvuta Chiriku, akamkumbatia kwa mkono wenye bendeji.

Jumapili baba alisimama tena wakati wa matangazo. "Jumapili iliyopita niliwaambia mke wangu amepiga," alisema. "Hakupiga." Alitaka kuendelea, lakini Chiriku alikuwa amekwisha kusimama kando yake. Hakutumwa na mtu. "Ni mimi niliyemdanganya baba," alisema. Hakuna aliyepiga makofi. Bibi mmoja wa benchi la nyuma alijikohoza. Kisha Mchungaji alisimama naye akasema kwamba kuna kosa lake pia, namba ya simu iliyokaa mfukoni miezi mitano. Tangu wiki hiyo, kwenye daftari la Mama Mkunga kukaongezwa zamu mpya. Kila Jumatano Mchungaji angempigia kasisi wa jeshi, na habari ingepelekwa nyumba zote sita siku ileile, hata kama habari yenyewe ni kwamba hakuna habari.

Mnara ulitengenezwa Alhamisi. Chiriku alikuwa anavaa soksi za shule simu ilipolia, asubuhi, siku ambayo haikuwa yake. Tone, ambaye macho yake yalikuwa na usingizi wa wiki nzima, aliwahi kuidaka. Alimweleza mama mambo ya bata na ya kuchora, kisha akampa dada yake.

Chiriku angeweza kuanza na salamu. Alianza na kosa. Alieleza kila kitu kwa pumzi moja, kisha akasikiliza mvumo wa laini.

"Uliona uchungu wa baba yako," alisema mama. "Kwa hilo sikulaumu. Lakini nisikilize. Huku tunakwenda malori kumi kwa msafara. Dereva wa mbele akiulizwa njia ikoje, na hajaiona, anajibu 'sijui'. Hakuna anayemcheka. Akisema 'njia ni salama' ili wenzake wa nyuma wapunguze hofu, atawaua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Mtu akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui. Halafu usimkimbie. Kaa naye, mngojee pamoja. Hilo unaliweza, hata ukiwa na miaka kumi na miwili." Kisha sauti yake ikabadilika. "Mwambie Mwalimu nimemwona mumewe asubuhi hii. Yuko chini ya lori langu, miguu tu ndiyo inaonekana, na anaimba vibaya kama kawaida yake. Anamalizia kufunga nati, atampigia mchana. Haya, nipe baba yako."

Baba alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni. Chiriku alimpa simu, akavaa viatu na kutoka na mkoba wake. Njia ya shule haikupita kwa Mwalimu, lakini aliizungusha.

Mwalimu alikuwa amerudi nyumbani kwa masharti ya kupumzika. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango, miguu juu ya kigoda. Chiriku alisimama mbali kidogo, kwa kuwa hakuwa bado na uhakika kama amesamehewa, akamwambia alichoambiwa, mpaka ile ya kuimba vibaya. Mwalimu aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Ndiye huyo," alisema. "Hajawahi kuipata noti ya wimbo hata moja." Akafuta macho. "Na watarudi lini? Mama amesema?"

Jibu zuri lilikuwa karibu, mwezi ujao, kabla mtoto hajazaliwa. Lilikuja lenyewe hadi kwenye ncha ya ulimi.

"Sijui, Mwalimu," alisema Chiriku. "Hakusema."

Mwalimu akasogea upande mmoja wa benchi, na Chiriku akaweka mkoba chini, akaketi karibu naye, wakakaa hivyo mpaka kengele ya shule ilipolia.